TAHADHARI: Land Rover pikapu "ya Kongwa 1949" inayouzwa Dodoma ni utapeli

Ndugu zangu wa Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, Manyoni na Singida, pamoja na wote mnaopenda magari ya zamani: kuna watu wanazungusha Land Rover pikapu wakidai ni gari adimu la mwaka 1949, lililobaki Kongwa baada ya mradi wa karanga wa Waingereza. Msiwape hata shilingi. Gari nimeliona, nimelala chini yake na tochi, na karatasi zake nimezishika mkononi. Ni Series III, toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1971, miaka 20 baada ya mradi ule kufutwa.

Wako watatu. Wa kwanza ni dalali. Anamfuata mtu anayejua ana hela: mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, mkulima wa zabibu aliyetoka kuuza, au mtu aliyelipwa fidia ya shamba lililopimwa viwanja. Anakwambia familia ya mzee mmoja, marehemu, aliyekuwa dereva wa Wazungu Kongwa, inauza gari lake kwa bei ya chini kwa kuwa warithi wanagombana. Wa pili anajiita mtafiti wa asili ya magari. Huyu ndiye hatari zaidi, maana ni mtaratibu, ana faili, anavaa miwani na anataja miaka bila kusitasita. Kazi yake ni kukuuzia "cheti cha asili". Wa tatu humuoni kabisa. Ni namba ya simu ya nje, eti mnunuzi wa Uingereza, anayekutumia ujumbe wa sauti kwa Kiingereza akiahidi kulichukua gari kwa mara tano ya ulichotoa, ilimradi uwe na cheti. Hapo unalipa gari, unalipa cheti, kisha zinazuka ada nyingine: ya mkaguzi, ya kontena, ya kibali. Ukichoka kulipa, Mwingereza anazima simu.

Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, ameshawapa milioni mbili za kuanzia na laki sita za cheti. Aliniita nikalione gari kabla hajamalizia, kwa sababu anajua nimekulia kwenye gereji na Land Rover nazipenda. Lilikuwa limeegeshwa uani kwa watu, upande wa Kizota, limefunikwa turubai.

Hadithi waliyompa imepikwa na mtu aliyesoma kidogo, na ndiyo maana inanasa watu. Wanasema lilikuwa gari la abiria la aina ya Tickford, likakatwa kuwa pikapu miaka ya sitini. Tickford zilikuwepo kweli. Kati ya mwaka 1948 na 1951, Land Rover ilimpa Tickford, mjenzi wa bodi wa Newport Pagnell, Uingereza, kazi ya kutengeneza gari la familia lenye fremu ya mbao na bodi ya alumini. Liliuzwa ghali, hazikufika 700, na zilizobaki leo wakusanyaji wanazitafuta sana. Kwa hiyo mzee wa watu akiuliza mtandaoni, jina analikuta, miaka anaikuta, bei za kutisha anazikuta. Anaamini.

Mimi nilianza na futi ya kupimia. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma nilipata sentimita 277, ambazo ni inchi 109. Tickford ilijengwa juu ya chasisi ya inchi 80, yaani sentimita 203. Chasisi ndefu ya kwanza ya Land Rover, ya inchi 107, ilikuja mwaka 1954, na hii ya 109 ikaja mwaka 1956. Cheti chao chenyewe kimeandikwa "Tickford, 1949, 109". Aliyekiandika hakujua kwamba maneno hayo matatu hayawezi kukaa kwenye gari moja.

Mbele wamehangaika. Series III taa zake kubwa ziko kwenye madigadi na shoo yake, yaani kile kinachofunika rejeta kwa mbele, ni ya plastiki. Wao wamefunga madigadi ya gari jingine, wamezirudisha taa katikati karibu na rejeta, na shoo wameiondoa wakaweka wavu wa chuma. Ukisimama mbele unaweza kudanganyika. Nenda ubavuni. Series I, toleo la kwanza, ambalo gari la 1949 lingepaswa kuwa, ubavu wake umenyooka kama ukuta tangu juu hadi chini. Kuanzia Series II ya mwaka 1958 ubavu una mbinuko unaotembea chini ya madirisha kutoka mbele mpaka nyuma, na gari hili linao, milangoni na kwenye bodi ya nyuma pia. Ingia ndani: geji ziko mbele ya usukani. Hiyo ni Series III. Series I na Series II geji zao ziko katikati ya dashibodi.

Kilichoniuma zaidi ni chasisi. Ile sahani ya namba waliyoipiga ndani ina ribiti mpya zinazong'aa, zimepita juu ya rangi iliyochubuka kitambo. Nikashuka chini, mbele kulia, kwenye pembe ya chasisi inaposhikia springi, ambako namba hugongwa kwenye chuma chenyewe. Pamesagwa kwa grenda kisha pakapakwa lami nzito. Niliikwangua kwa bisibisi. Tarakimu nyingi zimeliwa, lakini ya kwanza imebaki na inasomeka: 9. Namba za Series III, kabla ya ule mfumo wa herufi ulioanza mwishoni mwa 1979, zilikuwa zinaanza na 9. Na kivuli cha kadi ya gari walichompa mzee kinasema limetengenezwa 1978. Dalali alipoulizwa akajibu kwamba TRA walikosea kuandika. Namba ya chasisi iliyosagwa haitokani na uchakavu. Mtu ameisaga kwa mkono wake, na huenda gari lenyewe ni la wizi.

Kuna jambo jingine ambalo fundi yeyote wa Land Rover angeliona upesi. Land Rover ya abiria ya inchi 109 tangi lake la mafuta hukaa nyuma. Ya mzigo hukaa chini ya kiti cha mbele. La hapa liko chini ya kiti, na mabano yake ni ya kiwandani, hayajachomelewa upya. Maana yake gari hili halijawahi kuwa la abiria hata siku moja, na hakuna aliyelikata. Lilitoka kiwandani likiwa pikapu.

Nasema hivi kwa sababu sitaki watu waanze kuzidharau pikapu zilizokatwa. Kukata Land Rover ya abiria kuwa pikapu ni kazi halali na ya kuheshimika. Bodi yake imefungwa kwa bolti. Fundi anafungua paa la nyuma na madirisha yake, anafunga ukuta nyuma ya viti vya mbele, na gari linakwenda kubeba mahindi Kibaigwa au mbuzi mnadani kwa miaka mingine mingi. Magari hayo yana historia yao ya kweli, na inafuatilika: kwa namba ya chasisi, kwa lilipo tangi, kwa matundu ya bolti za viti vilivyong'olewa, kwa kadi ya zamani, kwa mzee anayekumbuka nani alimuuzia nani. Matapeli hawa wanafanya mwenye gari la kweli aonekane mwongo naye.

Na Kongwa wameichagua kwa akili. Mradi wa karanga ulianza mwaka 1947 kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita. Mvua ikawa haba, udongo wa Kongwa ukigandamana kiangazi unakuwa mgumu kama saruji, mashine zikavunjika, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta kwa hasara ya takribani pauni milioni 36. Kila mtu wa huku amesikia habari za vyuma vya Kongwa. Na ni kweli kwamba palikuwa na mashine zilizogeuzwa: vifaru vya Sherman vya vita vilibadilishwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Hiyo ni asili ya ajabu kuliko hadithi yoyote ya dalali. Lakini Land Rover yoyote iliyofika Kongwa kabla ya mradi kufutwa ingekuwa na chasisi ya inchi 80, kwa sababu miaka hiyo nyingine haikuwepo. Mtu akikuletea gari refu akalitaja Kongwa ya karanga, mazungumzo yaishie hapo.

Kuhusu cheti: rekodi za kiwandani za Land Rover za zamani zimehifadhiwa Uingereza, na mtu huombwa namba kamili ya chasisi kabla ya kupewa taarifa. Zinaeleza tarehe gari lilipotoka kiwandani, rangi yake na lilipopelekwa. Hazielezi nani aliliendesha Kongwa. Hakuna mtu wa Dodoma mwenye mhuri wa mpira anayeweza kutoa cheti hicho uani kwake, tena kwa gari ambalo namba yake ya chasisi haisomeki.

Kama unataka kununua Land Rover ya zamani, dai kadi halisi na usikubali kivuli. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kadi, hiyo ya kwenye sahani peke yake haitoshi. Kisha nenda TRA na muuzaji mwenyewe, siyo dalali, na hela ya kumalizia itoke wakati wa kuhamisha umiliki. Muuzaji anayekataa kwenda polisi kulikaguza gari ameshakujibu.

Mwalimu wetu ameshafungua jalada polisi. Amepeleka ujumbe wa miamala ya simu, cheti chao, na picha za chasisi nilizopiga. Wapo wengine wawili waliotoa hela za cheti na wanaona aibu kujitokeza. Tafadhali nendeni, wazee wangu. Polisi wakipata malalamiko matatu yenye namba zilezile za simu, kazi yao inakuwa nyepesi, na hakuna atakayewacheka. Msifute ujumbe wowote, hata zile sauti za "Mwingereza".

Siku nilipoliona, gari lilikuwa la kijani kilichofifia, boneti ina kovu la kuchomelewa upande wa kushoto, na kioo cha mlango wa dereva kimepasuka pembeni. Tangu jalada lifunguliwe halipo tena Kizota, na nimesikia limepelekwa njia ya Singida na linapakwa rangi ya maziwa. Rangi itabadilika, kovu la boneti wanaweza kuliziba, ila sentimita 277 na ile 9 kwenye chasisi hawana pa kuzificha. Mliopo Bahi, Manyoni, Itigi na Singida, mkiliona msibishane nao. Pigeni picha kwa mbali, andikeni namba ya usajili na mahali lilipo, mpeleke kituo cha polisi kilicho karibu.