Mfuko wa Tabaka Tatu kwa Mahindi ya Mwaka Mzima: Unafaa, Ila Si kwa Kila Gunia

Familia za Nairobi ambazo hazijaacha kusagisha unga wao wenyewe hununua mahindi kwa wingi mara moja kwa mwaka, ama kutoka kwa jamaa walio Trans Nzoia na Uasin Gishu mavuno yanapoingia kati ya Oktoba na Desemba, ama kwa wafanyabiashara wa nafaka wa Nyamakima, kisha huyaweka stoo na kuyapeleka mashineni debe baada ya debe. Kwa miaka mingi kinga ya mahindi hayo ilikuwa dawa ya vumbi inayochanganywa na punje, ambayo wengi wetu hatukuipenda lakini hatukuwa na njia nyingine. Siku hizi maduka mengi ya pembejeo mjini huuza mifuko isiyopitisha hewa, na tathmini hii inaihusu mifuko hiyo jinsi tulivyoitumia nyumbani, katika nyumba ya kupanga huko Kahawa West. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa mifuko ya namna hii hutengenezwa na kampuni kadhaa na kanuni ya utendaji wake ni ile ile.

Mfuko wenyewe ni mitatu ndani ya mmoja. Nje kuna gunia la kawaida la kufumwa, lenye uwezo wa kubeba kilo 90, na ndani yake mna mifuko miwili ya nailoni nzito, mmoja ndani ya mwingine. Gunia la nje hubeba uzito na kustahimili kuburutwa. Nailoni mbili za ndani ndizo zinazozuia hewa. Mnunuzi akifungua na kukuta nailoni moja tu, au nailoni nyepesi kama ile ya kufunikia madaftari, airudishe hapo hapo dukani, kwa sababu kilichobaki ni gunia ghali tu.

Ubunifu huu haukuanzia kwenye mahindi, bali kwenye kunde. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wakiongozwa na Larry Murdock, walifanya kazi na wakulima wa Kamerun ambao kunde zao zilikuwa zikiharibiwa na wadudu ghalani, na huko ndiko njia ya nailoni mbili ilikoanzia. Mradi wa kuisambaza kwa upana Afrika Magharibi ulianza mwaka 2007 chini ya jina la PICS, na baadaye mifuko ikaingia Afrika Mashariki na kujaribiwa kwa mahindi, maharagwe na nafaka nyingine. Jambo lililonishawishi kuijaribu ni maelezo ya jinsi wadudu wanavyokufa humo. Punje na wadudu hupumua, hewa ya oksijeni hupungua siku baada ya siku, na kwa kuwa mfuko umefungwa haiwezi kurudishwa. Mdudu wa nafaka hanywi maji. Maji yake huyatengeneza mwilini kutokana na chakula kwa kutumia oksijeni hiyo hiyo. Oksijeni ikipungua sana huacha kula, haendelei kuzaana, na mwishowe hukauka. Hakuna sumu iliyotumika, na mtu anaweza kuyachukua mahindi hayo moja kwa moja hadi mashineni.

Kazi yote iko katika kufunga. Nailoni ya ndani kabisa hujazwa kwa awamu huku mfuko ukitikiswa ili punje zishuke na kujaza pembe, kisha viganja viwili hukandamiza juu ya mahindi hadi hewa iliyobaki itoke. Shingo ya nailoni husokotwa hadi iwe ngumu kama kamba, hukunjwa mara mbili, na kufungwa kwa uzi imara au mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Nailoni ya pili hufungwa vivyo hivyo, halafu gunia la nje. Mtu mmoja hawezi kuifanya vizuri peke yake: mmoja ashike shingo, mwingine afunge. Shingo ikiachwa fupi kwa tamaa ya kuongeza kilo mbili tatu juu, fundo halishiki, na hapo hewa hupita. Kabla ya kujaza, ni vyema kila nailoni ipulizwe na kubanwa mdomoni ili isikike kama kuna tundu. Magunzi yaliyovunjika na vijiti vichujwe pia, maana ncha zake hutoboa.

Ili nisidanganywe na matumaini, nilijaza gunia moja la kawaida kwa mahindi ya shehena ile ile, bila dawa, na kuliweka kando ya mifuko hiyo juu ya mbao. Mvua ndefu zilipokuwa zimekwisha, tofauti haikuhitaji mizani. Gunia la kawaida lilipoguswa lilitoa vumbi jeupe kwenye nyuzi zake, na ukitia mkono ndani ulihisi joto. Punje nyingi zilikuwa na matundu ya mviringo, nyingine zimebaki ganda. Hiyo ilikuwa kazi ya fukusi pamoja na dumuzi, yule mdudu ambaye watu wengi humwita Osama, mwenye asili ya Amerika ya Kati, ambaye alionekana nchini kwa mara ya kwanza huko Taveta mwaka 1983 baada ya kuingia Tanzania, na ambaye hugeuza mahindi kuwa unga kabla hujayafikisha mashineni. Kwenye mfuko wa tabaka tatu nilikuta wadudu wachache juu ya punje, wakavu, wakivunjika ukiwabonyeza kwa ukucha. Mahindi yalikuwa na rangi na harufu ya siku yalipoingia. Katika suala la wadudu, basi, sina lawama: mfuko unafanya kile unachosemwa kuwa unafanya.

Lawama yangu inahusu namna unavyouzwa. Mfuko huu huhifadhi hali ya nafaka kama ilivyo siku ya kufungwa, haukaushi kitu. Kiwango kinachokubaliwa Afrika Mashariki kwa mahindi ya chakula ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakifungwa yakiwa na unyevu zaidi ya huo, maji hayana pa kutokea, na ile nailoni iliyomzuia mdudu ndiyo itakayouzuia mvuke. Mahindi huchacha, hutoa harufu ya pombe, na kuvu hupata nafasi pale ambapo fundo halikukaza. Katika duka la pembejeo nilikonunua mifuko, kijana aliyenihudumia aliniambia, “Mama, hii ukishafunga umemaliza, hakuna mdudu ataingia.” Nikamwuliza, “Na kama mahindi hayajakauka vizuri, kijana wangu?” Akajibu kwa adabu kabisa, “Hayo sasa ni mambo ya shamba, Mama, si ya duka.” Sikumwona mkaidi, hivyo ndivyo bidhaa ilivyomfikia, bila hata neno moja la kukausha.

Jambo hili si dogo katika nchi hii. Mwaka 2004 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi ilisababisha wagonjwa 317 na vifo 125, hasa Makueni, Kitui na maeneo jirani, na sababu kuu iliyotajwa ilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondolewi na kusonga sima kwa muda mrefu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mahindi, na mwezi Machi 2021 serikali ilizuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo. Mfuko usiopitisha hewa husaidia kwa kuwa mahindi makavu yaliyofungwa vizuri hayaruhusu kuvu kuendelea kukua na hayatobolewi na wadudu wanaoifungulia njia. Lakini sumu iliyoingia shambani au wakati wa kuanika itabaki humo hadi siku utakapofungua. Muuzaji anayesema kwamba mfuko unaondoa sumukuvu, na nimemsikia mmoja akisema hivyo, anauza kitu ambacho hana.

Kupima unyevu, basi, ndiyo nusu ya pili ya bidhaa hii, na nusu hiyo haiuzwi pamoja nayo. Ipo njia ya chumvi ambayo kila nyumba inaweza kuitumia: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi iliyokaushwa vizuri na punje kiasi, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 hivi na mahindi yarudi juani. Isipoganda, umejua tu kwamba hayajalowa sana. Chumvi haiwezi kukutofautishia 13.5 na 14.5, na hapo ndipo kipima unyevu cha umeme kinapohitajika. Bei ya kipimo hicho ni kubwa mno kwa familia yenye magunia manne, lakini duka linalouza mifuko mamia lingeweza kununua kimoja na kuwapimia wateja kwa ada ndogo.

Wauzaji wa mahindi nao wana sababu ya kutolipenda wazo hilo. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi asilimia 13.5, hubaki na kilo 85 na kitu. Mnunuzi amelipia karibu kilo tano za maji, na kipimo kikiwekwa mezani atataka kupunguziwa bei. Siku hizi mvua hunyesha hata katika miezi ya kuvuna huko Bonde la Ufa, na ingawa bodi ya nafaka ya NCPB ina mashine za kukausha, magunia mengi yanayofika Nairobi hayakupita huko. Ndiyo maana kwetu mahindi huanikwa tena juu ya turubai, kwenye paa la ghorofa, mwenye nyumba akikubali.

Kuhusu gharama: mfuko mmoja niliununua kwa shilingi 280, mara kadhaa ya bei ya gunia tupu. Mahindi yakiwa shilingi 3,600 kwa gunia la kilo 90, kilo moja ni shilingi 40, kwa hiyo kilo saba zikinusurika mfuko umejilipa, bila kuhesabu dawa ambayo hukununua. Unaweza kutumika msimu wa pili na wa tatu kama nailoni hazijatoboka. Panya hawauheshimu hata kidogo, na dumuzi naye anaweza kutoboa nailoni ya ndani; uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, katika stoo isiyo na masazo ya chakula. Tundu dogo huzibwa kwa utepe wa plastiki, kubwa haliponi.

Anayefungua mfuko kila wiki kuchota debe moja atajilaumu, kwa maana kila anapofungua oksijeni hurudi. Ni afadhali kuwa na mifuko ya kilo 50 kadhaa, ukamaliza mmoja kabla ya kugusa mwingine. Na mfuko ukichakaa, hakuna duka nililolijua linaloipokea nailoni yake, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 2017. Ya kwetu tunafunikia kuni.

Kwa mwenye mahindi makavu aliyoyapima, nitaununua tena bila kusita. Kwa anayenunua sokoni mwezi Novemba na kutaka kufunga jioni hiyo hiyo, gunia la kawaida na wiki mbili za jua ni salama zaidi, kisha mfuko ufuate.