"Ni kitabu cha watoto tu": yaliyonikuta na vitabu vya wanyama hatari na majanga

Nimemkuta binti yangu kamlaza mdogo wake sakafuni, kamfunga mguu kwa kamba ya kiatu chini kidogo ya goti, kaikaza mpaka vidole vimebadilika rangi, na mkononi kashika rula. Mdogo mtu analia kwa sauti zote. Nikauliza kulikoni. "Ameumwa na nyoka, Mama. Nimefunga ili sumu isipande. Sasa namchana, halafu nainyonya." Nikamwuliza nani kakufundisha mambo haya? Akanitazama kama mjinga ni mimi. "Kitabu."

Na kitabu chenyewe nilikinunua mimi. Vinauzwa viwili pamoja, kimoja cha wanyama hatari na kingine cha majanga. Binti yangu hadithi za sungura na fisi zilishamchosha, yeye anataka kujua nani anaua na anauaje. Vilipofika nyumbani, kwa wiki kadhaa hakuna aliyelala bila kwanza kuelezwa habari za volkano. Nilifurahi mno. Niliwasifia watu vitabu hivi, na wako walionunua kwa maneno yangu. Wenzangu, mnisamehe.

Baada ya kumfungua yule mtoto mguu nikaufungua ule ukurasa. Kweli bwana. Picha tatu, zimechorwa kwa ustadi, zina namba: moja, funga kamba, mbili, chana palipoumwa, tatu, nyonya uteme. Mtoto wa kwenye picha anatabasamu. Na juu ya jalada, kwa herufi nene kama za kampeni: UKWELI MTUPU.

Mimi si daktari, lakini hata mimi najua kwamba mambo hayo matatu ndiyo hasa tunayokatazwa. Ukikaza kamba umezuia damu, na nyama isiyopata damu inakufa. Kama nyoka mwenyewe ni kifutu, ambaye sumu yake huozesha nyama, basi umeifungia mahali pamoja imalize kazi. Ukija kuifungua kamba, iliyokusanyika inapanda kwa mkupuo. Kuchana ndiyo balaa zaidi, maana ziko sumu zinazozuia damu isigande, na jeraha ulilolifungua kwa mkono wako linaendelea kuvuja. Kunyonya hakutoi kitu cha maana. Kinachotakiwa kinaenea kwenye mistari mitatu: mtulize na asitembee, mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba, na kiungo kilichoumwa kisitikisike, mpeleke hospitali haraka, kwa sababu kinachotibu ni dawa ya kupambana na sumu, na dawa hiyo haiko mdomoni mwa mtu. Mistari mitatu tu! Na nafasi ya yule mtoto anayetabasamu ingebaki.

Tena hatuzungumzii jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na kama mara tatu ya hao hubaki wamekatwa viungo au wana ulemavu wa kudumu. Watoto ni miongoni mwa wanaoumia vibaya zaidi, kwa kuwa miili yao ni midogo na sumu ni ile ile.

Nikapiga simu kwa wachapishaji. Nilijipanga kabisa, nikasema sitapandisha sauti. Akapokea dada mmoja, nikamweleza taratibu, nikamtajia na ukurasa. Akaniacha nimalize. Kisha akasema: "Mama, hicho ni kitabu cha watoto tu." Nikamwambia ndiyo maana nimepiga. Akauliza, "Kwani mtoto ameumwa na nyoka kweli?" Nikasema hapana, hajaumwa. Akasema, "Basi."

Basi!

Sijui mnanielewa. Angenitukana ningesahau. Lakini ile "basi" imenikaa kifuani mpaka leo, nakaanga naisikia, naoga naisikia. Yaani tusubiri kwanza mtoto wa mtu aumwe, afungwe kamba, achanwe, ndipo tuwe na haki ya kulalamika?

Kuanzia siku hiyo nikakisoma kitabu cha wanyama kwa hasira, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta makosa. Nakiri, sikuwa msomaji wa haki. Lakini anayetafuta hupata. Papa kapewa kurasa nane, meno matupu, wakati watu wanaouawa na papa duniani kote kwa kawaida hawazidi kumi hivi kwa mwaka. Mbu kapewa theluthi ya ukurasa, pembeni, kama mtu aliyealikwa kwa kuonewa huruma. Mwaka 2023 pekee malaria iliua karibu watu 600,000. Sasa mnyama hatari hapo ni yupi?

Halafu kuna huyu "mamba mweusi". Tulisoma pamoja kwamba mamba mweusi hupanda miti, na hupenda kulala ndani ya kichuguu kilichoachwa na mchwa. Binti yangu akanyamaza akifikiri. "Mama, mkia wake anauweka wapi?" Nikacheka mpaka machozi, kabla sijajua kwamba baadaye nitalia. Aliyetafsiri alikutana na "black mamba", yaani koboko, nyoka tunayemjua kwa jina lake, akaenda neno kwa neno akatuletea mamba. Na mchoraji naye akasikia "mweusi", akampaka wino kutoka kichwani mpaka mkiani. Koboko si mweusi. Ni wa kijivu, au rangi ya majani makavu. Cheusi ni ndani ya kinywa chake, na hapo ndipo jina hilo la kizungu lilipotoka. Mtoto aliyefundishwa kuogopa nyoka mweusi akimwona wa kijivu atasema huyu hana neno. Kosa la kuchekesha, eti.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshaamua kuandika: msivinunue, vyote viwili, hata mkipewa bure.

Kilichoniharibia hasira ni kitabu cha pili. Jioni moja niko na vyombo, binti yangu akaja akaniuliza, "Mama, bahari ikirudi nyuma ghafla unafanya nini?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu: "Unakimbilia juu. Huokoti samaki."

Huokoti samaki. Nikaacha vyombo, nikaenda kuusoma ukurasa wa tsunami, yale mawimbi makubwa yanayofuata tetemeko la chini ya bahari, na lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: ni mzuri. Wameeleza habari za Tilly Smith, mtoto wa Kiingereza wa miaka 10, aliyekuwa likizoni na wazazi wake kwenye ufukwe wa Mai Khao, Phuket, nchini Thailand, tarehe 26 Desemba 2004. Wiki mbili nyuma mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha dalili za tsunami. Akayaona maji yanatoa povu, yanazidi kuja tu wala hayarudi, akawapigia wazazi wake kelele mpaka wakamsikiliza, na watu wakaondolewa ufukweni kabla wimbi halijafika. Na wameweka kisiwa cha Simeulue, Indonesia, jirani kabisa na palipoanzia tetemeko. Huko wazee walikuwa wakiwasimulia wajukuu habari za wimbi la mwaka 1907, kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi, usingoje kitu, panda mlimani. Kati ya wakazi wapatao 78,000, walikufa 7. Jumla ya waliokufa siku hiyo katika nchi zote inazidi 220,000.

Nikakaa na kitabu mapajani. Unajua kilichonirudishia hasira, tena mara mbili ya ile ya kwanza? Ni kwamba wanajua. Nyumba ile ile ya vitabu, ukurasa wa kumi na kitu, inajisifu kuwa mtoto mmoja aliliamini somo lake, akaokoa watu. Kisha mtu wao ananiambia kwenye simu kuwa ni kitabu cha watoto tu.

Kwa hiyo uamuzi wangu sasa sijui niuweke wapi. Cha majanga kinunueni. Hapana, ngojeni, vinauzwa pamoja. Basi vinunueni, ila cha wanyama mkisome ninyi wenyewe kwanza, mkiwa na kalamu. Sisi kwetu binti yangu ameshamaliza kazi. Alikata karatasi, akaandika kwa mwandiko wake "USIFUNGE USICHANE USINYONYE PELEKA HOSPITALI", akaibandika juu ya picha zote tatu, gundi imevuja mpaka ukurasa wa nge, na sasa nge hafunguki. Kisha akauliza, "Na wale watoto wengine wenye kitabu hiki?"

Nikapiga tena. Safari hii akapokea kijana. Sikumweleza kitu, nilimwambia tu, mwanangu, chukua kitabu chenu, nitakusubiri. Nikasikia kiti, nikasikia kurasa zinafunuliwa. Nikamtajia namba. Akanyamaza kitambo.

"Lo," akasema.

Amechukua namba yangu. Bado hajapiga.