Kliniki ya kifua kikuu Temeke: tiba nzuri, mapokezi yana kasoro

Nimemsindikiza mdogo wangu kwa muda wote wa matibabu yake katika kliniki ya kifua kikuu ya kituo kimoja cha afya cha umma wilayani Temeke, na kwa upande wa tiba yenyewe sina budi kuisifu. Makohozi yake yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo kwa takribani saa 2 huonyesha kama vimelea vipo na kama vina usugu dhidi ya rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, usugu ambao darubini haiwezi kuubaini. Vipimo na dawa havilipiwi. Muuguzi alimweleza, bila kumtisha, kwamba miezi 2 ya mwanzo angemeza dawa nne kwa pamoja, kisha miezi 4 dawa mbili, na kwamba hatari huja pale kikohozi kinapokoma na mgonjwa akajiona amepona, kwa sababu vimelea vilivyosalia ndivyo vinavyoweza kujenga usugu. Maelezo hayo, kwa maoni yangu, yanashinda mabango yote ya ukutani.

Kasoro ipo kwenye mapokezi. Wagonjwa wapya wanaokohoa huketishwa katika korido finyu, madirisha yakiwa yamefungwa, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga, ilhali ugonjwa huu huenea kwa hewa. Barakoa hupewa anayeomba tu. Foleni nayo (vibarua wa Kariakoo wanalijua hili) humpotezea mtu asubuhi nzima ya kazi. Hata hivyo, mgonjwa asipofika kuchukua dawa hupigiwa simu siku hiyohiyo, na ningempeleka ndugu mwingine hapo bila kusita.