Karatasi niliibandika juu ya kifuniko, na bado fundi hakuisoma

Nimesita sana kuandika haya, kwa sababu mafundi wetu wa kompyuta nawaheshimu, na huyu ninayemsema mkono wake kwenye vyuma ni mzuri kweli. Lakini hasira haijaniisha.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama hapa Morogoro. Hisa, mikopo, marejesho na faini vyote vimo kwenye programu ndogo tuliyotengenezewa, inayoendeshwa na XAMPP, kifurushi cha bure kinachoendesha programu za aina hii na kanzidata (hazina ya taarifa) yake, kwenye laptopu yangu. Wakati fulani baada ya masika umeme ulikatika nikiwa naingiza marejesho, na betri ya laptopu ilishachoka siku nyingi. Nilipowasha tena, MySQL, ile sehemu ya XAMPP inayotunza kanzidata, ikagoma. Unabonyeza Start, inaonyesha kijani kidogo, kisha yanakuja yale maandishi mekundu kwamba imezimika ghafla. Aliyezoea XAMPP anayajua.

Faili la mysql_error.log, linaloandika makosa, lilieleza waziwazi: Aria (moja ya injini za ndani za kuhifadhi taarifa) imeshindwa kujirejesha, futa faili za aria_log. Hilo si jambo la kufomati mashine, yaani kufuta diski yote na kuanza upya. Ila laptopu yenyewe nayo ilikuwa inaganda, na diski inagongagonga kwa ndani, nikaona bora kwanza ipite kwa fundi. Nikachukua kalamu nene, nikaandika karatasi na kuibandika kwa selotepu juu ya kifuniko: USIFOMATI KABLA YA KUNAKILI FOLDA YOTE YA C:\xampp\mysql\data. Nikamsomea na kwa mdomo. Akaitikia, "Nimekusoma, mama."

Nilipoifuata, karatasi ilikuwa palepale, kona moja tu imenyanyuka. Ndani amepiga Windows mpya, amefunga SSD, ile diski mpya ya kasi, mashine inawaka kabla hujakaa vizuri. Nikafurahi, tena sana. Nikafungua phpMyAdmin, ukurasa wa kuangalia kanzidata: ile ya kikundi ipo, majedwali yote yamejipanga kwa majina, wanachama, hisa, mikopo. Nikabonyeza wanachama. Kosa namba 1932, jedwali halipo kwenye injini. Nikabonyeza mikopo. Vilevile.

Alichofanya ni kunakili ile folda ndogo yenye jina la kikundi tu, akaacha faili la ibdata1, ambalo liko nje yake, kwenye folda ileile ya data niliyoitaja kwenye karatasi. Majedwali yetu ni ya InnoDB, injini nyingine ya kuhifadhi taarifa, na hayo hayasimami yenyewe. Kumbukumbu ya kipi ni kipi inakaa kwenye ibdata1. Ukiliacha hilo umebeba majina matupu. Na ndiyo maana niliandika YOTE kwa herufi kubwa!

Nikamweleza kwa upole. Akanijibu huku anapokea simu ya mteja mwingine: "Si haya hapa majina unayaona? Mama, programu yako ndiyo mbovu, mpigie aliyekutengenezea." Nikauliza diski yangu ya zamani iko wapi. "Ile ilishakufa, tumetupa." Nikavuta kiti, nikamwambia siondoki. Kijana anayejifunza kazi pale, aliyekuwa anachomelea risasi kwenye saketi, hakusema neno. Alisogeza tu kwa mguu boksi lililokuwa chini ya meza. Ndani, kati ya chaja zilizoungua na mafeni, ilikuwamo diski yangu.

Hapo ndipo nilipowaka. Kwenye diski ile kuna majina ya akina mama, namba zao za simu, namba zao za NIDA, na nani anadaiwa kiasi gani. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na huyu anaweka madeni ya watu kwenye boksi la chakavu, linalongoja mnunuzi. Nilimwambia hivyo mbele ya wateja wake. Alicheka.

Nilinunua kasha la diski la USB, nikaichomeka nyumbani. Iligonga, ikanyamaza, ikasomeka. Nikanakili folda yote ya data kabla haijabadili mawazo. XAMPP ilikuwa ya toleo lilelile, hilo ni muhimu. Nikazima MySQL, nikaipa folda ya data jina la data_zamani, nikatengeneza nakala ya folda ya backup inayokuja na XAMPP na kuiita data, kisha nikatia humo folda ya kikundi pamoja na ibdata1 kutoka kwenye diski. Start. Kijani, na ikabaki kijani. Nikabonyeza wanachama na majina yakashuka yote, hata rejesho la mwisho nililoingiza kabla umeme haujakatika lilikuwepo. Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni. Papo hapo nikatoa nakala ya .sql, faili moja lenye taarifa zote, moja kwenye flashi, nyingine kwa mweka hazina.

Nilitaka kumpa fundi nyota tatu, maana laptopu inakimbia ajabu na bei yake haikuwa mbaya. SSD ameifunga vizuri, feni ameisafisha, kibodi iliyokuwa inakwama sasa ni laini. Nikikumbuka "tumetupa" nashusha hadi mbili. Nikikumbuka kile kicheko, ni moja, na hiyo moja ni ya yule kijana wa risasi.

Ukivunja kioo au bawaba, nenda, atakutengenezea vizuri. Ukiwa na kanzidata ya watu, usimwachie. Na akikubadilishia diski, idai ile ya zamani mkononi kabla hujatoa hata shilingi.