TAHADHARI: Muuza beringi za difu "orijino" kwa video, mwizi mkubwa!

Naandika mikono ikinuka oili ya difu (kasha la gia za ekseli ya nyuma), na oili yenyewe inameremeta kama imemwagiwa unga wa fedha. Mnaojua, mnajua maana yake: chuma kinasagika ndani.

Mzee mnamfahamu, gari langu Land Rover 109, na kesi ya difu yake, aina ya Salisbury, kupiga kelele nilishawachosha nayo. Sirudii. Nataka tu mjue nilikuwa katika hali gani siku nilipompigia yule mtu. Siku ya tatu nilikuwa napambana na beringi ya ndani ya pinioni (gia ndogo inayozungusha krauni, ile gia kubwa ya difu), beringi inayolala kwenye bega la gia hadi makucha ya puli, kifaa cha kuivutia, yanakosa pa kushika. Kucha moja ilikatika ikapita karibu na sikio langu. Mwishowe nikakata keji inayoshikilia roli kwa grenda, roli zikamwagika, nikasaga ringi ya ndani kidogo kidogo huku nikiomba nisiguse shafti. Ilipobaki nyembamba kama karatasi nikapiga tindo mara moja. Pa! Ikapasuka. Nikakaa chini nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa beringi ya zamani vipande viwili, gari juu ya stendi, nami nahitaji mpya leo leo. Ndivyo alivyonikuta.

Alipokea simu kabla haijalia mara mbili. "Mkubwa, hiyo ninayo, orijino, ngoja nikuonyeshe." Akawasha video. Akaiweka beringi mezani, akaizungusha kwa kidole, akasogeza simu. "Umesikia kelele?" Nikasema hapana. "Basi ndiyo hiyo." Mimi, mtu mzima, nikatikisa kichwa kukubali! Beringi iliyoshindiliwa grisi, hata kama imekufa, itapiga kelele gani?

Lakini msinicheke bado. Yule mtu anaijua kazi. Aliniuliza kama nimetunza shimu za zamani, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi. Aliniuliza kama nimeweka alama vifuniko vya beringi za pembeni, cha kushoto kisije kikaenda kulia. Nani anauliza hivyo kama si fundi? Kisha akanipa na historia, eti Henry Timken alipata hataza ya beringi za roli za mshazari, aina ya hii yangu, mwaka 1898. Usiku nilitafuta, ni kweli! Nikamwamini na mengine yote. Akasema kuna mteja mwingine anaitaka, yuko njiani. Nikatuma hela. Zote, kwa mpigo. Kiasi sisemi, mke wangu anasoma hapa.

Mzigo ulifika, boksi safi, rangi zake sawasawa. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Beringi mpya ya pinioni huwa inabana. Unaipasha moto ipanuke, isizidi nyuzi 120, ndiyo inateleza kwenye shafti, au unaisukuma kwa presi. Yangu niliishika ikiwa baridi, nikaisukuma kwa vidole, ikaingia yenyewe hadi chini. Badala ya kushtuka nikafurahi! Nikawapigia picha, mkaniandikia "hongera fundi". Hakuna hata mmoja wenu aliyesema kitu, nanyi nawadai.

Kilomita 300 hivi. Kila nikiachia mafuta, difu inavuma. Nimefungua jana. Ringi ya ndani ilikuwa inazunguka juu ya shafti na kuila, pinioni inacheza mbele na nyuma, na krauni imemeguka meno mawili. Nilipoifuta ile grisi vizuri, chini yake kuna mikwaruzo ya kusagwa. Ni beringi ya zamani imeng'arishwa, ikafutwa namba, ikaandikwa nyingine.

Nikampigia. "Umefunga vibaya, mkubwa." Akanifungia namba.

Huyu asirudishiwe leseni ya kuuza hata sindano. Afungwe, apewe beringi zake azizungushe kwa kidole miaka saba! Nasema hivyo kwa sababu hili si suala la hela tu. Difu ikikamata ukiwa mwendo mkali, magurudumu ya nyuma yanafunga palepale, na ndani ya Mzee huwa nabeba watoto. Polisi nimeshapeleka maelezo, na nitakwenda tena, na tena.

Haya, dalili, kwa haraka maana nimechoka: namba kwenye ringi zilikuwa nzito na zimepinda, kama zimechorwa kwa mkono. Ringi ya ndani na kikombe cha nje zina namba tofauti kwa kawaida, na zote mbili lazima zikubaliane na kitabu cha gari. Yeye alinionyesha moja tu, nyingine akaifunika kwa kidole gumba. Nilipomwomba aweke venia (kifaa cha kupimia upana) kwenye tundu la ndani nione kipimo, akasema venia yake ameiazimisha. Fundi gani anaazimisha venia? Na hataki kabisa ufute grisi, eti unaingiza vumbi. Hubadilisha majina, ila "mkubwa" haimtoki mdomoni.

Kwa sasa natafuta krauni na pinioni ya Salisbury, seti moja iliyozaliwa pamoja, namba zilingane. Mwenye nayo anitafute. Picha ziwe za kila upande, bila grisi, na venia iwe mkononi.