Gari la umeme lenye mbio kwa Dar es Salaam: lipi la kununua?

Mtu anayeishi Bunju na kufanya kazi Posta huendesha takriban kilomita 70 kwa siku, kwenda na kurudi, na kati ya magari manne yaliyomo humu hakuna litakalomwishia chaji njiani. Hata foleni ya Mwenge isimtie hofu, kwa kuwa gari la umeme likisimama mota yake haili kitu. Kinachokula ni kiyoyozi, kama uniti moja au mbili kwa saa. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mnunuzi ni gari litalala wapi. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa kama uniti 23 kwa saa kumi za usiku, zinazotosha kilomita mia moja hivi. Anayekaa ghorofani bila soketi kwenye maegesho ni heri asubiri, hata kama fedha anazo.

La kwanza kwangu ni Hyundai Ioniq 5 N. Betri yake ni ya uniti 84, hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4, na kwa kipimo cha Ulaya cha WLTP huenda kilomita 448. Bodi yake imeinuka kuliko ya sedani mbili zinazofuata, jambo lenye maana kubwa kwenye matuta yetu, na umeme ukikatika gari lenyewe linaweza kuwasha friji ya nyumbani. Kasoro yake ni rimu za inchi 21: tairi ni nyembamba ubavuni, na mashimo ya masika hayana huruma.

La pili ni BYD Seal ya mota mbili, yenye sekunde 3.8 na kilomita 520. Betri yake ya LFP (aina ya lithiamu isiyo na nikeli) haina tatizo kujazwa hadi asilimia 100 mara kwa mara, ilhali zile za nikeli ni vyema kwa siku za kawaida ziishie 80. Tatizo ni kwamba liko chini mno.

Tesla Model 3 Performance, yenye sekunde 3.1 na kilomita 528, ni la tatu kwa mjini. Lakini kwa anayekwenda Morogoro na kurudi siku hiyohiyo, safari ya karibu kilomita 400, ningeliweka la kwanza. Hapo ndipo umbali wa chaji moja unapokuwa na uzito. MG4 XPower, yenye kilomita 385, ni ya mjini tu, ingawa kwa sekunde zake 3.8 haiachwi na Seal.

Usukani wa kulia hautoshi kukuhakikishia aina ya tundu la chaji ya haraka: gari la Uingereza huja na tundu la CCS2, Ioniq 5 N ya Japani huja na CHAdeMO, na plagi ya moja haiingii kwenye lingine. Omba picha ya tundu la chaji kabla ya kulipa.