Hearts of Iron IV: jeshi la maji linanipandisha presha

Nchi kavu, gemu hii ya kompyuta ya kupanga Vita vya Pili vya Dunia haina mpinzani. Unachora mstari wa mbele, unampa jenerali mpango, na askari wanajua la kufanya. Ukigeukia baharini ndipo unataka kuipasua skrini. Unatumia miaka mitatu ya gemu kuunda manowari, unabana chuma, unabana mafuta, halafu kitufe kimoja kidogo ambacho hakuna aliyekueleza vizuri kinazipeleka kuzama moja baada ya nyingine.

Kitufe chenyewe ni kile kinachoruhusu meli iliyoumia kujitoa kikosini na kwenda kutengenezwa. Kwa maneno kinasikika kizuri. Angalia kinachofanyika kikiwa kimewashwa. Vita inaisha, umeshinda, manowari tatu zina majeraha. Zinajitoa na kushika njia ya bandari bila msindikizaji. Njia ikipita eneo lenye nyambizi za adui au doria yake, hizo umezipoteza. Ulizishinda bunduki za adui, ukaja kuzipoteza njiani kurudi nyumbani! Na taarifa unayopata ni kamstari kadogo pembeni, ukiwa umezama kwenye vita ya nchi kavu huna hata habari.

Ubaya wake hauishii hapo. Kila meli kubwa ya kikosi, iwe ya mizinga au ya kubeba ndege, inahitaji meli tatu ndogo za kuikinga, yaani manowari nyepesi (destroyer) na kruza nyepesi (light cruiser). Kikosi chenye meli kubwa nne kinataka kinga kumi na mbili ili kikamilike. Sasa kama ulizipanga kumi na mbili kamili na tatu zikajitoa, umebaki na tisa, kinga imeshuka hadi asilimia 75, na topido, yale makombora yanayopita majini, zinaanza kupenya na kuzifikia zile kubwa. Doria ikiona adui tena kesho yake, kikosi kinang'oa nanga na hicho kilichobaki. Hapo ndipo unapoteza meli iliyokula karakana tano kwa zaidi ya mwaka mzima, kwa sababu ya manowari tatu zilizokwenda kupakwa rangi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wa Kigoma somo hili liko ziwani kwetu, Tanganyika, tangu vita ya kwanza ya dunia. Desemba 1915 Wajerumani waliituma boti yao ya kivita Kingani peke yake kutoka hapa kwenda kuchungulia upande wa Kongo. Vile viboti viwili vya Waingereza, Mimi na Toutou, vikaikamata. Wajerumani hawakujua imepatwa na nini. Februari 1916 wakaituma Hedwig von Wissmann kuitafuta, nayo peke yake, ikazamishwa na Mimi pamoja na ileile Kingani, ambayo Waingereza walikuwa wameshaigeuza yao na kuiita Fifi. Wakati huo wote Graf von Götzen, hii Liemba yetu, ilikuwa kubwa kuliko chombo chochote ziwani, na haikuziokoa. Mwezi wa Julai wakaizamisha wenyewe. Watengenezaji wa gemu ya vita ya dunia wanawezaje kuandika programu inayorudia kosa hilohilo kila wiki ya gemu, tena kwa niaba yangu?

Basi wadau mnaoanza, fanyeni hivi. Bofya kikosi cha mashambulizi, zima ruhusa ya meli kujitoa. Kuanzia hapo kikosi kinakwenda kutengenezwa chote kwa pamoja. Hasara yake ni kwamba bahari inabaki wazi kwa muda, kwa hiyo uwe na vikosi viwili vya kupokezana, hata kama cha pili ni dhaifu. Zima pia nyongeza ya meli ya moja kwa moja, maana nayo inatuma meli mpya mojamoja kutoka kwenye akiba. Zikusanye bandarini mpaka zifike nane au kumi, ndipo uzipeleke kwa mkupuo.

Kinga usipange kwa hesabu kamili. Meli kubwa nane nazipa kinga thelathini badala ya ishirini na nne, kwa sababu zinazokufa kwanza ni hizo ndogo. Meli za kubeba ndege zisizidi nne kwenye pambano moja, ya tano inaanza kupunguza kazi ya ndege zote, na kila moja iwe na walau meli moja kubwa ya mizinga mbele yake. Usirundike meli zote ulizonazo kwenye kikosi kimoja ukidhani wingi ni nguvu. Ukimzidi adui sana kwa idadi, mpangilio wa meli zako unaharibika na mizinga inapungua makali.

Kikosi cha mashambulizi kikae bandarini, ndiyo kazi yake, kinaokoa mafuta. Anayetembea ni doria: kruza nyepesi moja yenye ndege ya kupeleleza na rada, na manowari mbili, amri yao iwe kutopigana. Wao waone tu na kukimbia. Ukiwapa amri ya kupigana wanakufa kabla wakubwa hawajafika. Mazoezi ya baharini nayo yanakunywa mafuta vibaya sana, kwa hiyo yafanye kabla ya vita, wakati ghala limejaa. Mafuta yakikauka vita ikiendelea, hakuna ufundi utakaokusaidia.

Na hilo la maziwa nalo nalisema. Ziwa Tanganyika ndani ya gemu ni kizuizi tu, huwezi kuteremsha hata boti. Gemu inaanza 1936, wakati Liemba ilikuwa inafanya kazi ziwani tangu 1927. Najua vita ya pili haikupiganwa hapa, sidai uwanja wa vita. Lakini mtu wa huku akifungua ramani na kukuta maji yake hayapitiki, inauma.

Pamoja na hayo yote, nikiwa mkweli, hakuna gemu nyingine inayonipa kile ninachokipata pale mipango inapokubali. Doria mbili zimeona meli za Italia zikitoka Taranto, kikosi kinatoka Malta chote, kinga zimejaa, ndege zinaruka. Unafungua dirisha la pambano unaona topido zao zinaishia kwenye manowari ndogo huku mizinga yako mikubwa inachagua wa kumpiga. Tangu nyongeza ya Man the Guns ilipoleta ubunifu wa meli mwaka 2019, unaweza kuamua mwenyewe manowari hii ibebe topido, ile sona (chombo cha kusikilizia nyambizi) na mabomu ya kuziulia, na tofauti unaiona vitani. Sikuona mahali pengine wanapoijali meli kiasi hiki.

Ndiyo maana nakasirika. Waliofikiria mpaka uzito wa deraya ya kila meli walishindwa nini kuongeza mpangilio mmoja, kwamba meli iliyoumia isindikizwe na mbili nzima mpaka bandarini? Kwa toleo nililonalo mimi haupo. Nilikaa kuandika nikiwa na nyota mbili mkononi. Sasa ni tatu, za nchi kavu peke yake ningetoa tano. Wakiweka huo usindikizaji narudi hapa kubadilisha, wasipouweka hata hii ya tatu sina hakika nayo.